Karani Habweki

Jumatatu, 4 Machi 1957

Nimekama mbuzi. Kikombe na nusu. Nimelima mistari minne kabla jua halijawa kali. Sasa maharagwe yako motoni, naandika yakitokota.

Leo nimeleta mtoto wa mbwa. Nimemtoa kwa Marigu, ng'ambo ya mto, kwa kibuyu cha mtama. Mbwa hapokewi bure. Wa bure hurudi kwao. Nilimbeba ndani ya kiondo nikamfunika na leso asione njia. Kufika, nikafanya yote kama mama yangu alivyokuwa akifanya. Nikamzungusha mafiga mara tatu. Nikamtafunia kiazi, nikampa kutoka kinywani mwangu. Nikang'oa unywele wa mkia nikauzika chini ya figa. Basi, ni wa hapa.

Karani alikaa mlangoni akitazama kila kitu. Mbwa mwekundu, shingo nyeupe kama kola, ndiyo maana mwanangu Ireri alimwita Karani. Alipoletwa, miaka tisa iliyopita, Ireri alimzungusha mafiga hayo hayo. Leo Karani sikumtazama machoni.

Lakini ningefanyaje? Tangu tupewe ruhusa ya kutoka kile kijiji cha amri, serikali ilikotukusanya kwa sababu ya vita vya msituni, na kurudi shambani kwetu, tuko peke yetu juu ya mgongo huu wa kilima. Mimi, Wawira mke wa Ireri, na binti yao Igandu, miaka miwili na nusu, mwenye jina langu. Msitu uko pale. Kuku wawili wamechukuliwa. Wiki jana mwanambuzi. Karani alikuwa amelala hatua tano kutoka zizini. Hakubweka. Karani habweki kabisa. Mbwa asiyebweka ni gogo lenye masikio.

Jumanne, 5 Machi

Mtoto wa mbwa amelia akimtafuta mama yake. Wawira amempa jina: Redio. Kama ile ya kambi ya chifu, anasema, haina mahali pa kuzimia.

Nimelitoa koti kuukuu la Ireri pale Karani alalapo, nikamtandikia Redio sandukuni. Nataka aijue harufu ya Ireri, asije akamuuma mwenye nyumba siku akirudi. Wawira akasema, "Mama, hilo ni la Karani." Nikamwambia mbwa hana koti.

Karani alinusa sanduku. Akaondoka. Amelala kwenye udongo mtupu, mgongo kwetu.

Nimejisikia vibaya. Koti sikulirudisha.

Alhamisi, 7 Machi

Darasa la wanawake kanisani. Tuko kumi na mmoja, meno yetu sote hayajai kikombe. Shule sikuingia hata siku moja. Mke wa katekista ndiye anatuonyesha. Nilikwenda kwa sababu barua za Ireri kutoka kizuizini huja kwa Kiswahili, ili wakubwa wa kambi wazisome kwanza, na nilichoka kumsikia mwanangu kupitia mdomo wa mtu mwingine. Herufi nilizopata ni za Kiswahili, basi hata shajara yangu ni ya Kiswahili. Kiembu changu kimebaki mdomoni.

Leo kuna barua. Nimeisoma peke yangu, nikisimama kila neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Ni mzima. Kuna baridi. Wamemhamisha kambi iliyo karibu na huku, na wanaohamishiwa huko, anasema, hutolewa kidogo kidogo. Labda kabla ya mavuno.

Mwishoni kabisa: Karani yuko? Akiwa hai msimpe mtu.

Miaka karibu mitatu amefungiwa, anauliza mbwa. Nimelia, kisha nikacheka, kisha nikaenda kumwangalia Karani. Hakutikisa mkia.

Jumamosi, 9 Machi

Redio amebweka leo. Mara ya kwanza! Alimbwekea jogoo, sauti kama mlango mkavu. Igandu akapiga makofi.

Karani alitoka nyuma ya nyumba mbio. Sikuwa nimemwona akikimbia mwaka mzima. Akauzamisha mdomo wote wa Redio ndani ya mdomo wake, akambana. Mtoto akalia. Damu mdomoni.

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikampiga Karani nao mgongoni, nikampiga tena kichwani. Hakukimbia. Alimwachia Redio, akalala chini, akangoja nimalize.

Mzee mzima mwenye wivu kwa mtoto. Nimemwambia hivyo. Nimemwambia na mengine.

Sikio lake limechanika kidogo. Nimelipaka mafuta ya mbuzi.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Nimeomba kwa ajili ya Ireri. Nimeomba mvua. Kuhusu mwiko sikusema kitu. Mtu anaanzaje kumwambia Mungu habari ya mbwa?

Jumanne, 12 Machi

Mara tatu leo. Redio akifungua mdomo tu, Karani huyo. Hata awe wapi. Huushika mdomo wa mtoto wote, huubana, hungoja mpaka anyamaze. Kisha humwachia. Leo hakuna damu. Hatikisi, hararui. Anashika tu. Lakini mtoto amekuwa mwoga. Kabla hajabweka hutazama nyuma.

Nthiga amekuja. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na anapenda kutoa shauri kama watu wengine wanavyopenda ugoro.

"Mama Ireri, una mbwa mmoja bubu na mmoja mtoto. Fisi wanakuja hapa kama wamealikwa harusi."

Nikampa uji anyamaze. Akanywa, akaendelea. "Mbwa mzee akianza kula watoto, dawa yake ni kamba na mti. Niachie mimi. Hutasikia hata."

Nilimfukuza na uji wake. Lakini akiondoka nilikuwa nimeogopa. Nthiga ni mtu wa kufanya jambo kwanza, kisha anakuja kukueleza alivyokusaidia.

Basi nimefanya hili. Mkwe wa Marigu ana lori la viazi, ana pia kibali cha kwenda Meru, na huko Kangeta ana duka. Anatafuta mbwa wa kulinda. Jumamosi atakuwa soko la Kanja. Nimemtumia neno kwamba nina mbwa mkubwa, mlinzi, ameshazoea watu. Amekubali.

Kwamba habweki sikusema.

Ireri aliandika msimpe mtu. Najua aliandika nini. Nimeisoma mara nne. Lakini bora Kangeta kuliko mti wa Nthiga. Najiambia hivyo. Inaingia sikio hili, inatoka lile.

Jumatano, 13 Machi

Nimemfunga Karani kwenye nguzo ya ghala, kamba ya mkonge. Alinipa shingo mwenyewe. Wawira amenipa chakula akitazama ukuta.

Alhamisi, 14 Machi

Darasani sikwenda. Mke wa katekista angeuliza barua inasema nini.

Redio ameliacha sanduku, ameliacha koti. Amekwenda kwa Karani pale nguzoni, amejibana kwenye tumbo lake, juu ya vumbi. Karani alimlamba mdomo, pale pale alipomtoboa Jumamosi. Alimlamba muda mrefu.

Mwenye wivu halambi.

Nimefikiri hivyo, kisha nikaenda kuchota maji ili nisiendelee kufikiri.

Ijumaa, 15 Machi

Niandike yote, hakuna atakayesoma.

Saa nne hivi asubuhi nilikuwa nikipepeta maharagwe. Askari wanne wa doria walipita njia ya chini wakielekea msituni, bunduki mabegani. Buti zile huhitaji kuambiwa ni za nani. Redio akasimama ukingoni mwa ua akabweka kwa nguvu zake zote. Karani akaruka. Kamba ikamrudisha. Akaruka tena, ikamkaba, akaanguka ubavu. Hakumfikia. Redio anabweka, buti zinakuja pale njia inapopinda.

Hapo Karani akageuka. Akanijia mimi. Tumbo chini, akitambaa, mpaka kamba ikaisha. Nilikuwa nimekaa karibu tu. Akainua kichwa, akaweka mdomo wake kwenye kiganja changu. Akangoja niufunge.

Ungo ukaniponyoka.

Askari wakapita. Mmoja alimpigia Redio mluzi, akacheka. Hakuna kingine. Zamani wangepanda juu kuuliza mbwa anamwashiria nani.

Karani alikuwa bado anangoja, mdomo mkononi mwangu.

Hana wivu. Anamfundisha mtoto. Anamfundisha nilichomfundisha mimi.

Kijijini nyumba zilibanana kama meno, handaki pande zote, vijiti vimechongwa ndani. Mbwa wa jirani alibwekea doria jioni moja. Wakamchoma mkuki pale mlangoni, na mwenye nyumba wakampiga mpaka akakojoa damu, wakisema mbwa wake anawapa ishara watu wa msitu. Nilianza na Karani siku hiyo hiyo. Akifungua mdomo, nilimshika mdomo wote kwa ngumi yangu nikabana. Akibweka, mwiko. Kisha nikachana leso, nikawa namfunga utepe nyuma ya masikio, jua likizama mpaka likitoka. Wiki tatu. Baada ya hapo utepe sikuuhitaji. Akisikia buti alikuja mwenyewe akaniwekea mdomo mkononi. Nilimsifu! Nilimwambia yeye ndiye mwenye akili katika nyumba ile.

Na ile asubuhi waliyomchukua Ireri. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Ireri alikuwa nyuma ya nyumba akinawa uso. Karani alizisikia buti kabla yangu. Akaja. Nikamshika mdomo kwa mikono miwili, nikamkumbatia kichwa. Nilifikiri wanapita. Ireri hakusikia kitu mpaka mkono ulipomshika shingoni.

Wawira husema asingefika popote, handaki lilikuwa kila upande. Labda. Lakini angejua. Angevaa viatu. Angevaa koti. Walimpeleka miguu mitupu, maji yakimtiririka usoni, na koti likabaki, na mbwa akalilalia.

Hilo sijamwambia Ireri. Sijamwambia mtu.

Mimi ndiye nilimnyamazisha Karani. Na Jumamosi nilimpiga kwa sababu ananitii.

Kesho asubuhi namtumia yule wa lori neno kwamba mbwa hatoki hapa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimechoka, lakini naandika.

Nilimfungua Karani asubuhi. Hakwenda mahali, alibaki pale pale nguzoni. Nikashuka mtoni na mtungi, nikitoka huko nimtafute mtu wa kupeleka neno Kanja. Wawira alikuwa shamba la juu na mtoto. Nilikawia sana, mtu sikumpata; kurudi, nguzo tupu. Redio peke yake, ananusa ardhi akizunguka.

Nthiga. Alikuwa njiani akirudi, uso umejaa furaha. "Nimekuokolea safari, Mama Ireri! Marigu aliniambia mbwa unamtoa. Yuko kwenye lori. Amenifuata kama kondoo."

Nilichomwambia sikiandiki, daftari ni la kanisa.

Nikatembea. Miguu yangu hii. Nilipanda ule mlima bila kupumzika, na mahali pengine nilikimbia, mwanamke mwenye wajukuu, watu wakinipisha njia wakidhani kuna msiba. Lori lilikuwa bado. Karani alikuwa juu ya magunia ya viazi, amefungwa kwenye chuma, ametazama mbele kama abiria aliyelipa.

Mkwe wa Marigu akasema, "Mama, neno ni neno. Wewe ndiye ulisema nimchukue."

"Nilikudanganya. Huyo habweki."

"Habweki vipi? Hana koo?"

"Koo analo. Habweki."

Akapiga paja lake, akawaita wenzake. "Njooni muone! Cucu, bibi huyu, ananipa mlinzi bubu! Mwizi akija, huyu atamwandikia ripoti. Si ni Karani!"

Soko lote lilicheka. Ningekuwa mmoja wao ningecheka pia, ilikuwa na utamu. Kisha akauliza, akifuta macho, "Aliugua nini?"

Ningeweza kusema koo. Ningeweza kusema ni mzee.

Nikasema, "Hakuugua. Ni mimi. Kule kijijini. Nilimfunga mdomo, nikampiga, mpaka akaacha."

Kicheko kikaisha kama umekimwagia maji. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Watu walitazama viazi. Mama mmoja muuza nduma, simjui, alipanga nduma zake upya ingawa zilikuwa zimepangwa. Akasema bila kuinua kichwa, "Wangu nilimzamisha mtoni. Alikuwa hanyamazi."

Tulikuwa wengi pale, na kila mtu alikuwa na mbwa wake.

Mkwe wa Marigu alipanda mwenyewe akafungua kamba. Alimbeba Karani mikononi, akamshusha kama yai. "Mpeleke polepole," akasema. "Goti lake la nyuma bovu."

Sikuwa nimeliona. Mbwa wangu miaka tisa, goti sikuliona.

Tulirudi polepole.

Jumapili, 17 Machi

Kanisani sikwenda. Nimekaa chini, mgongo kwenye ghala, Karani upande huu, Redio upande ule. Nimemkanda goti na maji ya moto.

Nimemrudishia koti. Amelinusa. Hakulilalia. Ana haki.

Wawira alileta uji, akakaa nasi. Nikamwambia ile asubuhi, mikono yangu ilikuwa wapi. Nilifikiri atainuka. Hakuinuka. Akasema, "Mama, mimi nilisikia buti. Nilikuwa macho. Nilijifunika blanketi." Kisha akanywa uji wangu, akasahau ni wangu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimebweka leo.

Nilifikiri hivi: niliyemfunza kunyamaza ni mimi, basi nani mwingine atamfunza kusema? Mtu anakuja njiani, nani wa kubweka? Nikangoja. Aliyekuja ni Nthiga, kichwa chini, amebeba mkungu wa ndizi wa kuomba msamaha. Nikapiga magoti pale mlangoni mwa ua, mikono chini, nikambwekea.

Akaangusha ndizi. "Uuu! Mama Ireri, umeingiwa na nini?"

Nikabweka tena. Redio alifurahi sana, akabweka pamoja nami, tukawa wawili. Igandu akatoka jikoni akabweka, tukawa watatu. Wawira alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu waoane.

Karani alikuja kwa goti lake bovu, mbio. Hakumwendea Redio. Alinijia mimi. Alijisukuma kifuani pangu, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wangu, akabana kwa ulimi, kwa pua, kwa kila kitu alicho nacho. Alikuwa akitetemeka. Alikuwa ananificha.

Nikaacha. Nikamkumbatia shingo pale chini kwenye vumbi. Watu wa kwetu hawakumbatii mbwa. Nthiga alitazama kando kwa adabu.

Akaokota ndizi. Akasema, "Nitaziweka jikoni." Leo hakutoa shauri.

Jumatano, 20 Machi

Nimebweka tena asubuhi, kidogo. Karani akaja kunifunga. Mchana pia.

Nimemwacha. Si yeye wa kubadilika. Nimemtwisha mzigo huu, sasa nataka autue kwa sababu mimi ninaona haya. Huo nao ni uchoyo.

Lakini Redio ni mtoto. Redio asijifunze hofu yetu.

Ijumaa, 22 Machi

Nguchiro aliingia kwenye sukumawiki akiwavizia vifaranga. Redio akamwona. Akatazama nyuma kwanza, kama kawaida yake sasa. Karani alikuwa ameshainuka. Nami nikainuka, nikasimama katikati yao. Nikamwonyesha Karani viganja vyangu, wazi. Alisimama akavitazama, kimoja, kingine.

Redio akabweka. Nguchiro akakimbia. Vifaranga wote sita wazima.

Karani alitetemeka mpaka ilipoisha. Lakini hakuenda kumshika.

Nimempa ini la kuku. Wote wawili nimewapa. Mimi na Wawira tumekula mchuzi.

Jumanne, 26 Machi

Nimejibu barua ya Ireri. Mchana kutwa kwa ukurasa mmoja. Karatasi mbili nimezitupa motoni.

Nimeandika: Karani yuko. Nilimpa mtu, nikamfuata, nikamrudisha. Utakuja unigombeze. Kuna mtoto anaitwa Redio. Goti la Karani ni bovu, tunalikanda. Binti yako anajua kubweka.

Ile asubuhi sikuiandika. Wakubwa wa kambi watasoma kabla yake, na jambo hilo si lao. Nitamwambia kwa mdomo, tumekaa. Kama atanyamaza, nitangoja. Kama ataondoka aende kulala kwa Nthiga, nitampelekea chakula huko. Naogopa. Lakini sitangoja aulize.

Jumapili, 31 Machi

Mvua imeshuka tangu saa nane. Ya kweli, ya kupanda. Mbegu ziko tayari kwenye kibuyu.

Mchana watu walipita njia ya chini wakikimbia mvua, miguu mingi kwa pamoja. Redio akatoka chini ya ghala akabweka, amelowa, mkia juu. Karani aliinuka akanijia kama ilivyo desturi yake, akauleta mdomo.

Niliweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

Alingoja. Nami nilingoja. Alinusa magoti yangu, akanusa hewa palipokuwa na mikono. Kisha akageuka, akatoka mvuani kwa goti lake, akasimama kando ya Redio, bega kwa bega, akitazama njia. Hakubweka. Alisimama tu, na mtoto akabweka kwa niaba ya wote.

Watu wakapita. Mbwa wakarudi wote wawili, wakajikung'uta, wakanilowesha.

Mikono sikuitoa mpaka walipolala.